Sanduku Lililopakwa Mawese

Mimi ni mtu wa hasira na sifichi. Mama alikuwa anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira ya ile wiki sikuzaliwa nayo, nilipewa kazini, na mpaka leo nikiikumbuka nakaa chini kwanza.

Nilikuwa naangalia masini za kompyuta katika biro moja, yaani ofisi, katika mji wa Baraka, biro ya watu wanaotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita. Jina la biro siandiki, wala la mtu yeyote. Tulikuwa na masini kubwa moja, nyeusi, imefungwa kwa bulo, zile skrubu nene, kwenye chuma cha ukutani. Ndani yake mlikuwa na masini nne ndogo ambazo huwezi kuzishika kwa mkono. Hazina mwili wao wenyewe, zote zinaazima mwili wa ile kubwa, na kila moja inajiona ni kompyuta kamili yenye kazi yake. Moja ilishika barua, moja magari, moja dawa, na moja faili za watoto. Na hiyo masini kubwa haikuweka kitu tumboni mwake ila daftari lake la matukio. Mengine yote yalikaa katika sanduku la diski, la chuma, chini yake, na nyaya mbili ziliunganisha hilo sanduku na masini. Ziliwekwa mbili ili moja ikikatika nyingine ibebe kazi.

Sasa sikia vizuri, maana ugomvi wote unatokea hapa. Sanduku linapotea kwa namna mbili. Namna ya kwanza, linakufa, na kabla ya kufa linasema: mimi basi, msiningoje. Masini kubwa inakubali, inafunga zile ndogo, mambo yanaisha. Namna ya pili, sanduku linanyamaza tu. Hapo masini kubwa haijui kama sanduku limekufa ama ni njia iliyofungwa. Inabisha hodi, inabisha tena, dakika mbili na kitu. Kisha inaandika kwenye kioo kwamba njia zote zimepotea, na inamwachia mtu aamue. Pale Baraka huyo mtu nilikuwa mimi.

Kulikuwa na mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, tulisali naye kanisa moja. Mwaka uliotangulia, watu walipokuwa wanakimbia kwenye barabara ya Fizi, binti yake wa miaka mitano alimtoka mkononi. Mtu mmoja alimwambia amemwona mwanamke amembeba mtoto anapanda naye milimani. Basi huyu mama alitafuta milimani. Alipanda, akashuka, akapanda tena, miguu ikavimba. Na kila Ijumaa alikuja biro kuuliza.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa napanga faili, nikaiona ya binti yake. Ilikuwa mpya, imeingizwa siku tatu nyuma na mwenzetu anayezunguka vijijini. Picha ipo, jina la mama lipo, na kijiji kipo, kimoja cha vijiji vya Ubwari, ng’ambo ya maji, kwa familia ya wavuvi. Nilisoma kwa macho yangu haya. Saa nne yule mama akaingia. Sheria ya biro ilisema usimwambie mzazi neno lolote kabla shefu, mkubwa wetu wa Bukavu, hajahakikisha, na hiyo sheria ina sababu yake, kwa kuwa kuna watu wamewahi kuja kuchukua watoto wasio wao. Nilijua sababu hiyo. Nilimjua pia huyu mama, na nilimjua mtoto tangu yuko mgongoni.

Aliniangalia usoni, akajua kuna kitu. Akaniuliza neno moja tu.

“Papa, sikuombe mengi. Niambie tu, ni upande ya ziwa ao ni upande ya mulima?”

Nikamwambia arudi Lundi, yaani Jumatatu.

Jumamosi masasi yakaanza, risasi kila upande. Wanaoijua vita hawahitaji kuelezwa, na wasioijua hata nikieleza watafikiri ni radi. Mashefu waliondoka kwanza, kwa boti ya mwendo, na magodoro yao wakabeba. Nusu ya mji ilivuka kwenda Ubwari kwa mitumbwi. Mimi nilichukua mke na watoto, tukatembea kwa mguu kuelekea kwa wazazi wangu, upande wa Fizi juu. Tulikaa wiki mbili tunakula mihogo ya watu.

Tuliporudi, biro ilikuwa imekombwa. Viti vimekwenda, frigo imekwenda, hata pazia. Jenereta waliiacha kwa uzito wake, wakanyonya mafuta. Masini kubwa ilibaki kwa sababu ya zile bulo. Lakini chini yake mahali pa sanduku palikuwa peupe. Niliazima mafuta, nikawasha jenereta, masini ikaamka, ikabisha hodi yake, ikaandika yale maneno: njia zote zimepotea.

Nikampigia shefu wangu wa masini, kule Bukavu. Hakuuliza kama watoto wangu wako hai. Aliniambia nitangaze kwamba sanduku limepotea kabisa, nilifute kwenye kumbukumbu ya masini, halafu yeye angeleta nakala ya zamani aliyokuwa nayo, ya mwezi na zaidi, na tungeanza upya. Ripoti ya Lundi ilikuwa inangojwa. Nikamuuliza, na faili zilizoingia baada ya hiyo nakala? Akasema watoto wataandikishwa tena. Aliongea kama mtu anayeagiza chai.

Kuandikishwa tena na nani? Yule mwenzetu wa vijijini alikuwa amevukia Kigoma, simu yake imezimwa. Karatasi hatukuwa nazo, maana mwaka ule ule Bukavu walikuwa wametuambia karatasi ni mambo ya zamani. Na mimi niliyesoma jina la kijiji, mimi bwana mkubwa wa masini, nilikuwa nimelisahau! Mimi ni mtoto wa mlimani. Vijiji vya Ubwari kwangu ni majina tu, yanafuatana kando ya maji, na ile Ijumaa nilisoma juu juu nikijua Lundi nitasoma tena. Nilijipiga paji la uso mpaka mke wangu akaniuliza kama nina malaria.

Nilimwambia shefu kwamba sanduku halikusema limekufa. Limenyamaza tu. Akajibu kwamba kwake ni kitu kimoja, na kama mimi naogopa kubonyeza, yeye atabonyeza kutoka Bukavu kupitia ile sahani ya setilaiti iliyoko juu ya bati. Akanipa mpaka saa tisa. Alikuwa ameshapanga kila kitu: nakala ya zamani itakaa mahali pa sanduku, na sanduku lenyewe hata likirudi, masini italipokea kama tupu na kulifuta. Nilipokata simu damu ilikuwa inachemka. Nikatoka nje, nikapanda juu ya pipa, nikachomoa waya wa sahani. Na yeye abishe hodi tuone.

Siku ya pili au ya tatu, yule mama akanijia nyumbani. Bukavu walikuwa wametuma ujumbe kwa familia kwamba faili mpya zimepotea moja kwa moja. Baba mkwe wake aliusikia, akakusanya ukoo, akasema mwaka mzima wa machozi unatosha, Jumamosi wanafanya matanga ya mtoto. Katika ukoo ule matanga yakishaisha, jina la marehemu haliitwi tena na nguo zake zinagawanywa. Mama alisema hatakaa kwenye mkeka. Alisema wamfunge kamba kama wanataka, lakini kwenye mkeka wa kulilia mtu aliye hai hakai.

Watu wetu wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Huo msemo mimi naukataa, na nitaukataa mbele ya yeyote. Sisi watu wa Fizi tumekimbizwa mara ngapi? Kama kila asiyekuwapo angefanyiwa matanga, nani angebaki wa kupika? Lakini nilipokuwa namwambia mama maneno haya, tumbo langu lilikuwa linajua kwamba mtoto alikuwa na kijiji, na mimi ndiye niliyekimeza. Hilo sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nitalitafuta sanduku.

Nilianza vibaya, kwa sababu nilianza na hasira. Funguo ya chumba cha masini ilikuwa na watu wawili, mimi na sentineli wetu, mzee wa miaka kama sitini aliyelinda lile lango tangu biro ifunguliwe. Na sentineli alikuwa hajarudi. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Nilikwenda mpaka uwanjani kwake, nikamkuta mke wake anaanika mihogo, nikamwita mume wake mwizi. Niliita kwa sauti, majirani wakatoka. Nilisema ameuza watoto wa watu kwa bei ya chuma chakavu. Mama wa watu aliniangalia, akamaliza kuanika, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikarudi biro. Na ndipo nilipotazama vizuri zile nyaya mbili. Mwizi ananyofoa. Hizi hazikunyofolewa, kile kidole kidogo cha plastiki kinachoshika waya kilikuwa kizima, maana yake mtu alikibonyeza taratibu kabla ya kuvuta. Kisha alizikunja duara na kuzifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Hapa kwetu kuna mtu mmoja tu, sentineli, aliyefunga kila kitu kwa ule mpira: funguo zake, sahani yake ya chakula, hata viatu. Nikafungua daftari la masini, lile inamojiandikia yenyewe kila jambo. Waya wa kwanza ulitoka, na wa pili ukatoka dakika nane baadaye. Mwizi gani anangoja dakika nane, masasi yanalia nje?

Nilirudi kuomba msamaha. Mke wa sentineli aliniacha nisimame juani. Halafu akaniambia matusi niliyatoa kwa sauti kubwa, basi na msamaha niutoe kwa sauti ile ile, majirani wasikie. Nikautoa. Watoto walicheka, na haki yao. Hapo ndipo aliponiambia mume wake yuko Lusenda kwa dada yake, alikuwa njiani kurudi, lakini amepigiwa simu kwamba huku anaitwa mwizi, amekaa huko huko. Siku nzima nilikuwa nimeitupa kwa mdomo wangu.

Alhamisi nikachukua moto, yaani pikipiki, nikaenda Lusenda. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba ya dada yake. Hakusimama kunisalimia. Nilisema pole yangu, akaniacha niimalize, kisha akaniambia hivi:

“We njo uliniambiaka ile sanduku iko roho ya biro. Sasa ulitaka niache roho, nibebe viti?”

Akanieleza. Katika vita ya kwanza aliokoa kichwa cha cherehani yake, katika vita ya pili akakiokoa tena, na wake wa majirani wote walifanya vile vile. Unapaka chuma mawese kila mahali ili kisishike kutu, unakizungusha plastiki, unakifukia kwenye shamba la muhogo, kwa sababu askari mwenye haraka hachimbi muhogo uliopandwa sawasawa. Akasikia masasi yamefika sokoni, akafikiria kitu gani watu wakirudi watakililia kwanza. Dakika nane zile alikuwa anatafuta jinsi ya kutoa waya wa pili bila kuuvunja. Mawese aliyachukua jikoni kwetu.

Nikamuuliza amefukia wapi. Akasema nyuma ya jiko la biro, chini ya muhogo. Hatua kumi na tano kutoka mahali nilipokuwa nasimama kila siku kumtukana.

Tulirudi watatu kwenye moto moja, dereva, mimi na mzee. Ijumaa asubuhi tukachimba, likatoka. Mungu wangu! Lilikuwa jekundu. Alikuwa amelipaka kama mtu anayemtayarisha mtoto kwa ubatizo: juu, chini, pembeni, na kwenye matundu ya nyaya ndiyo alisukuma kwa kidole, kwa sababu, alisema, kutu inaingilia kwenye matundu. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilimgeuzia mgongo, nikahesabu miti ya muhogo iliyong’olewa, nikarudi. Mtu aliyeokoa kitu, hata akikiokoa vibaya, humtukani mara mbili katika wiki moja.

Siku ile nzima nilifanya kazi kwa mswaki na alkoli ya famasi. Mzee alikaa karibu yangu ananikatia vitambaa. Chumba kilinuka kama sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Tundu moja lilikuwa na mawese yaliyoganda ndani kabisa, nikayatoa kwa sindano, punje kwa punje. Nilifungua mfuniko nikaona Mungu alikuwa ametuhurumia, plastiki ilizuia maji na mafuta hayakufika kwenye diski. Jumamosi asubuhi nikachomeka waya wa kwanza. Kimya. Nikachomeka wa pili, nikangoja, taa ndogo ikawaka kijani, na kwenye kioo masini kubwa ikaandika kwamba imeona njia.

Sikukimbilia. Kitu kikivutwa wakati kinaandikwa, kinaweza kurudi kimevunjika, na ukilazimisha unamalizia kukivunja. Nilikagua diski moja moja. Masini ndogo ya barua ilikataa kabisa kuamka, ilikuwa katikati ya kuandika sentineli alipovuta waya. Ya watoto ilikohoa kidogo, ikajikagua yenyewe, ikafunguka. Nikaitafuta faili. Picha ile ile, na kijiji. Safari hii niliandika kwenye mkono kwa kalamu, nikakandamiza mpaka ngozi ikauma.

Ruhusa ya Bukavu sikungoja. Nilikimbia. Uwanjani kwa baba mkwe mikeka ilikuwa imeshatandikwa, wanawake wameketi, maharage yanachemka. Yule mama alikuwa amesimama peke yake karibu na jiko, mikono kifuani, hajakaa. Nikamwambia baba mkwe mbele ya wote kwamba mtoto yuko hai, ameandikishwa, yuko Ubwari, na nikataja kijiji. Mama alifunika mdomo kwa mikono miwili. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akaondoka mbio kuelekea maji, hata kitambaa cha kichwa kilianguka hakukiokota. Nilifikiri ni furaha.

Niseme ukweli, siku zile mbili nilijiona mwanaume. Niliporudisha waya wa sahani, shefu alipiga simu akafoka kwamba ataniandikia barua ya onyo, na kwamba sentineli afukuzwe kwa kuharibu vifaa. Nilimwambia barua aandike hata tatu, lakini siku sentineli atakapotoka langoni, masini zake aje aziwashe mwenyewe. Mzee alibaki. Barua niliipata, na nikaiweka kabatini na diploma yangu.

Lundi nilisikia mtumbwi wa Ubwari unakaribia, nikashuka pwani. Nani alinituma? Nilikuwa nimevaa shati safi. Mama alishuka kwenye maji, binti yake mgongoni, amerefuka, amepakwa mafuta vizuri na wale wavuvi. Nilitabasamu. Nilikuwa nimeshaandaa la kujibu akinishukuru, kwamba ni kazi tu, mama.

Alisimama mbele yangu, maji kwenye magoti.

“Ile Ijumaa nilikuuliza, ulikuwa umeshasoma?”

Ningeweza kudanganya. Nikasema ndiyo.

“Masasi ilipoanza nilivuka, kama bantu bote. Balituweka kwa kanisa ya kile kile kijiji ulitaja. Nililalaka pale siku kumi na moya.” Hakupandisha sauti. “Kila saa kumi batoto balikuwa banakuya kuimba mbele ya mulango. Mi nilikuwa natoka, naenda mbali kwa maji, sababu sauti ya batoto ilikuwa inaniuma. Huyu mutoto wangu anasema naye alikuwa anaimba pale.”

Mtoto alikuwa ananiangalia juu ya bega la mama yake. Nikasema pole. Mama akaniambia nisogee apite, mtoto hajala.